Hasara Hii Ni ya Nani?

Ndugu msomaji, kila mwaka mvua zinapokatika na mahindi yanapoanza kukauka shambani, mazungumzo yetu hapa Ufipa huwa ni yale yale: bei. Gunia litanunuliwa kwa kiasi gani, na nani, na lini. Ni swali la haki, kwa kuwa chakula cha nyumbani na mahitaji ya watoto shuleni vyote viko ndani ya gunia lile. Lakini liko swali jingine ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ndilo ninalotaka tulifikirie pamoja leo: mambo yakiharibika, hasara itakuwa ya nani? Na huyo atakayeibeba, je, alikubali kuibeba?

Huenda mtu akasema kuwa swali hilo ni la wahasibu na wenye makampuni huko Dar es Salaam, wala halimhusu mkulima wa Laela au mwenye duka dogo Namanyere. Mimi nasema linatuhusu sote, maana siku hizi karibu kila kijiji kina kikundi chake cha kuweka na kukopa, au chama cha ushirika, au watu kadhaa waliochanga fedha ili kuanzisha mradi. Palipo na fedha iliyochangwa pana ahadi, na palipo na ahadi pana uwezekano wa kuivunja.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme watu 40 wa kijiji kimoja wanataka kununua mashine ya kusaga. Mashine pamoja na kibanda chake ni Sh. 6,000,000/=. Kila mmoja anatoa hisa ya Sh. 100,000/=, jumla Sh. 4,000,000/=. Zinazobaki, yaani Sh. 2,000,000/=, wanakopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na mkopo wenyewe utalipwa mwisho wa mwaka wa tatu. Mashine yenyewe wanaiweka dhamana.

Tayari hapo wako watu wa namna mbili, na kila mmoja ameahidiwa jambo tofauti. Mkopeshaji ameambiwa: upate faida usipate, chama kipate hasara kisipate, utalipwa fedha yako na riba yako. Mwenye hisa hakuahidiwa hivyo. Yeye ameambiwa: tukipata, utapata, tukikosa, utakosa. Ndiyo maana ikiwa mradi utastawi sana mkopeshaji hapati zaidi ya riba yake, na ziada yote ni ya wenye hisa. Hakuna dhuluma hapo. Kila mmoja alijua anachoingia, na aliyekubali hatari ndiye anayepewa tumaini la mavuno makubwa zaidi.

Sasa mwaka wa kwanza umekwisha. Mashine imeingiza Sh. 3,000,000/=. Mafuta, mshahara wa kijana anayesaga, na matengenezo vimechukua Sh. 1,400,000/=. Riba imechukua Sh. 300,000/=. Katika sanduku zimebaki Sh. 1,300,000/=. Wanachama wanafurahi. Mtu anasimama na kusema, "Tugawane faida yetu." Wote wanapiga makofi.

Lakini je, ile ni faida? Mashine ile si mpya tena. Tuseme itafanya kazi miaka sita kisha iwe chuma chakavu. Basi kila mwaka inajila yenyewe kwa kiasi cha Sh. 1,000,000/=. Wahasibu huita jambo hili uchakavu, nao huliandika kama gharama, ingawa hakuna mtu aliyetoa fedha mfukoni siku hiyo. Kwa hesabu hiyo faida ya kweli ni Sh. 300,000/= tu. Ile milioni nyingine ni mashine yenyewe, iliyogeuka kidogo kidogo kuwa noti. Wakiigawana wote, wanakula mashine huku wakidhani wanakula unga wake.

Sisi Wafipa hatuhitaji kufundishwa sana jambo hilo. Wazee wetu walilima kwa matuta ya duara yaitwayo intumba. Majani hugeuzwa na kufukiwa ndani ya tuta, yakaoza humo, na msimu unaofuata tuta huvunjwa na udongo ule wenye rutuba hutandazwa ili kupanda ulezi. Aliyefukia majani hakula kitu siku ile. Alikuwa anairudishia ardhi kile ambacho mavuno yalikuwa yameichukulia. Mtu ambaye angevuna kila mwaka bila kufukia asingeonekana mwizi machoni pa mtu yeyote, na pengine angeonekana mwerevu kwa kuwa hakujichosha. Lakini mwanawe ndiye angerithi shamba lililochoka.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Wanachama wakigawana Sh. 1,300,000/= kila mwaka, nani anaumia? Si wao wa kwanza, maana wamekwisha kupokea. Mwaka wa tatu mkopeshaji atakuja kudai Sh. 2,000,000/= zake na hazitakuwapo. Basi viongozi wataingiza wanachama wapya, labda vijana waliooa juzi, na fedha ya hisa zao itatumika kulipa deni. Vijana hao wataonyeshwa karatasi inayosema kuwa chama kimepata faida miaka mitatu mfululizo. Hakuna tarakimu hata moja katika karatasi ile iliyobuniwa. Fedha iliyoingia iliingia kweli, na iliyotoka ilitoka kweli. Hata hivyo vijana wale wamedanganywa, kwa kuwa wamenunua hisa ya mashine iliyokwisha liwa nusu. Hasara ya watu walioshiba imehamishiwa mabegani mwa watu ambao hawakuwapo mezani.

Ninavyofikiri mimi, ubaya mkubwa katika hesabu ni huo. Kupata hasara si dhambi. Mvua hukataa, mashine hufa, bei huanguka, na mtu mwaminifu kabisa aweza kufilisika. Ubaya ni kuitoa hasara kwa yule aliyekubali kuibeba na kumtwika kwa siri yule ambaye hakukubali.

Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati ambamo alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao. Si yeye aliyebuni namna hiyo. Alikusanya na kuieleza tu. Kila jambo huandikwa mara mbili, na mwishoni pande mbili za hesabu sharti zilingane. Upande mmoja ni mali yote iliyopo. Upande wa pili ni wale wote wenye haki juu ya mali hiyo. Karatasi ya namna hiyo twaiita mizania. Jambo la kushangaza ni hili, kwamba fedha ya wenye hisa nayo huandikwa upande huo wa pili, pamoja na fedha ya wadai. Chama chao wenyewe kinadaiwa nao. Ukimaliza kusoma mizania yote, hutaona hata senti moja iliyo ya mwenyekiti au mweka hazina kwa sababu tu ya cheo chake. Kila alichoshika kina mwenyewe upande wa pili wa karatasi. Sisi tunaosoma Injili tunamkumbuka yule wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Karatasi hii yasema jambo hilo hilo kwa tarakimu.

Sasa niseme juu ya mtu wa tatu, ambaye katika mfano wangu sikumtaja. Tuseme chama kile kinaanza pia kununua mahindi ili kisage na kuuza unga. Mkulima analeta magunia kumi. Anaambiwa, "Mzee, acha hapa, uje Ijumaa uchukue fedha yako." Ijumaa anaambiwa aje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi anaambiwa unga haujauzwa. Mtu huyu ni nani katika hesabu za chama? Ni mkopeshaji. Ametoa mtaji sawasawa na yule aliyetoa fedha. Lakini hapewi riba, hana dhamana, na aghalabu hata karatasi hana. Wala hakuna aliyemwuliza kama anataka kukopesha. Mradi ukifa, sheria humweka mbele ya wenye hisa. Lakini mwenye dhamana akishaichukua mashine, kuwa mbele kwamfaa nini? Kwa hiyo naona kumcheleweshea mkulima malipo ili kupata mtaji wa bure ni vibaya kuliko kukopa kwa riba kubwa. Mwenye kudai riba kubwa angalau ameulizwa, naye amejibu.

Nchi yetu imejifunza mambo haya kwa gharama kubwa, na sisi wa Ufipa tulikuwamo. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976, Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, ndilo lililonunua mahindi moja kwa moja vijijini. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na mkulima wa karibu na Dar es Salaam, ingawa gunia lake lilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika kwa walaji wa mjini. Hapo ndipo mahindi yaliposhamiri kwetu kuwa zao la biashara. Nia ya mpango ule ilikuwa ya haki: mtu asiadhibiwe kwa kuwa alizaliwa mbali. Lakini gharama ya safari ile haikutoweka kwa sababu tu haikukatwa kwa mkulima. Iliingia katika vitabu vya NMC kama hasara, na hasara ile ikajazwa kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, mpaka ikawa deni kubwa ambalo mwishowe halikuwa na wa kulibeba isipokuwa taifa zima. Katika miaka ya 1980 mpango ule ukalegezwa na kuachwa.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, maana si rahisi. Siwezi kusema kuwa bei moja ilikuwa kosa, nami nakaa mahali palipofaidika nayo. Taifa laweza kuamua kwa haki kwamba wote watachangia usafiri wa mahindi ya Rukwa, kama linavyochangia shule na hospitali. Lakini mchango huitwa mchango, huandikwa mahali pake, na wachangiaji huelezwa. Ulipoandikwa kama hasara ya shirika na deni la benki, aliyeulipa hakujua anaulipa, na sisi tulioupokea hatukujua tunaupokea. Tukadhani bei ile ni thamani ya mahindi yetu. Ilipoondolewa tukaona tumenyang'anywa. Hesabu isiyosema wazi humdhulumu hata yule anayefaidika nayo, kwa kuwa humfundisha uongo juu ya maisha yake.

Iko namna nyingine iliyo mbaya kabisa, ambayo haina nia njema ndani yake. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, iliyokuwa ikikusanya fedha za watu na kuwaahidi kurudishiwa nyingi zaidi kwa muda mfupi. Lugha yake ilikuwa ya kupanda na kuvuna, lugha ambayo sisi watu wa kanisani twaipenda, na viongozi wake walifikishwa mahakamani. Mradi wa namna hii hauna shamba. Aliyetangulia hulipwa kwa fedha ya aliyemfuata, na huyo kwa fedha ya anayekuja nyuma yake. Wa kwanza hupata kweli, tena hushuhudia kwa furaha, na ushuhuda wake ndio mtego. Ukiuweka katika mizania utaona mara moja: upande wa madai umejaa, upande wa mali ni mtupu. Lakini basi, ni nani aliyeomba mizania?

Pengine mtu atauliza juu ya makampuni makubwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa mwaka 1998, na kampuni ya kwanza ilikuwa TOL. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, kwa Sh. 850/= kila hisa. Mwenye hisa wa kampuni ya namna hiyo ana kinga moja kubwa: kampuni ikianguka na madeni, yeye atapoteza alichotoa tu. Hatafuatwa nyumbani achukuliwe ng'ombe. Uingereza iliweka kinga hiyo katika sheria mwaka 1855, na mwaka 1896 majaji wakuu wa huko waliamua katika kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu, kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa mbali na mwenye kampuni, hata kama mwenyewe ndiye karibu kila kitu ndani yake. Sheria zetu za makampuni zilitoka huko.

Je, kinga hiyo ni ya haki? Wazee wetu wangeshangaa. Kwao deni la mtu lilikuwa deni la nyumba yake, na methali yasema dawa ya deni ni kulipa. Hapa mtu anaweza kufaidi miaka kumi, kisha mradi ukifa na madeni ajiendee zake. Hata hivyo nakubali kuwa bila kinga hiyo mwalimu wa Matai hangeweza kutoa akiba yake katika kampuni ambayo hawezi kuisimamia wala hata kuiona. Watu wadogo wengi hawangeweza kuunganisha fedha zao wakafanya jambo kubwa.

Lakini kinga hiyo ina bei yake, na bei hiyo ni uwazi. Anayesamehewa sehemu ya deni hata kabla hajakopa, angalau aonyeshe daftari. Ndiyo maana kampuni inayouza hisa kwa umma sharti itoe waraka wa matarajio unaotaja hatari zake, na hesabu zake zikaguliwe na mtu wa nje. Ndiyo maana tuna Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na vyama vya ushirika vina COASCO, shirika la ukaguzi lililoundwa kwa sheria mwaka 1982. Watu hudhani mkaguzi huja kumtafuta mwizi. Pengine humpata. Lakini kazi yake hasa ni kumhakikishia mtu aliye mbali kwamba hasara haijahamishwa kutoka kwa mwenyewe.

Najua jibu linalotolewa vijijini. "Sisi twafahamiana. Kudai daftari ni kutoaminiana." Jibu hilo lina heshima ndani yake, lakini si sahihi. Sote twaijua methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Haikusema huibwa. Hupotea tu, na hakuna ajuaye ni lini. Kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe. Kila mmoja hukumbuka vizuri alichotoa kuliko alichopokea. Daftari humlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote, maana siku ya manung'uniko ndilo shahidi wake.

Lakini daftari lisilosomeka si daftari. Hesabu zilizoandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa mbio mbio jua likizama, watu wakitazama njia ya nyumbani, kisha wakaambiwa wanyoshe mikono kupitisha, hizo hazijatolewa kwa mtu. Na anayenyosha mkono bila kuelewa, kwa kuona haya kuuliza, naye ana sehemu yake katika kosa.

Tusiwanyoshee wengine vidole tukajisahau. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya bati ikitumika kwa safari, nasi tukasema tutairudisha, tumekopa kwa watu ambao hawakuulizwa. Mjane aliyetoa Sh. 1,000/= ya bati amekuwa mkopeshaji wa nauli bila kujua. Huenda safari ilikuwa ya lazima. Basi na asimame mtu Jumapili aseme hivyo, na iandikwe kuwa mfuko wa bati unadai, na siku ya kulipa itajwe. Inachukua dakika mbili, na ugumu wake ni ule wa kusimama mbele ya watu na kusema tumepungukiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkutano ujao wa chama chako, daftari likishasomwa na kabla mikono haijanyoshwa, simama uulize kwa upole mambo matatu. Fedha hii tunayotaka kugawana, imetoka katika kazi ya mwaka huu au katika mtaji? Yuko wapi mtu tunayemdai subira bila kumwuliza? Na mradi huu ukifa kesho, nani ataumia, naye anajua?

Baadhi watakunja uso. Mweka hazina mwaminifu hatakunja, atafungua ukurasa.